Kusimamishwa na trafiki kutoka Dar hadi Mombasa: dereva afanye nini, na kipi asikubali?

MsafiriWaSegera

Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao tunakwenda Mombasa kifamilia kwa gari yetu, Noah, kupitia Chalinze, Segera, Tanga na mpaka wa Horohoro. Mjini naendesha kila siku, ila safari ndefu ya namna hii, tena ya kuvuka mpaka, sijawahi. Naomba mnisaidie kwa wanaojua sheria na utaratibu wenyewe, siyo zile za "mpe ya maji upite".

Nataka kujua trafiki akinyoosha mkono nisimame vipi, na kama natakiwa kushuka. Ana haki ya kudai karatasi gani? Akisema nimepigwa tochi (kile kipima mwendo chao) naweza kudai kuona picha? Faini inalipwaje, na nikiona sijakosea nifanye nini? Akitaka kupekua gari je? Na nikishavuka kuingia Kenya, kipi kinabadilika? Kadi ya gari ina jina la mke wangu, na yeye atakuwepo safarini.

Giaboksi_Tano

Mkuu, nianze na kusimama kwenyewe, maana hapo ndipo kosa moja huzaa la pili.

Ukiona trafiki amekuelekezea mkono na kukuonyesha pembeni, washa indiketa ya kushoto kwanza, tazama kioo cha nyuma, ndipo upunguze mwendo. Usikanyage breki ghafla. Njia hiyo ina mabasi na malori, na basi lililo mgongoni kwako halisimami kama Noah. Toka kwenye lami kabisa, tairi zote nne ziwe begani, usimame mita chache mbele ya askari ili yeye aje nyuma yako akiwa mbali na magari yanayopita. Kama hapo hakuna bega, tuseme ni juu ya daraja, washa hazadi, mwonyeshe kwa mkono kwamba umemwona, sogea polepole hadi penye nafasi. Hilo halihesabiki kuwa umekimbia. Kinachohesabiwa kukimbia ni kupita bila kuonyesha ishara yoyote.

Ukishasimama weka gia kwenye P, vuta handibreki, zima injini, shusha kioo chako chote, mikono juu ya usukani. Usiku washa taa ya ndani na uzime taa kubwa, uache zile ndogo. Mkanda usiufungue mpaka askari amefika dirishani. Wengi huufungua mapema ili watoe leseni mfukoni, askari akifika anamkuta dereva hana mkanda, na hapo tena ni kuanza kujieleza. Leseni isikae mfuko wa nyuma wa suruali. Iweke kwenye bahasha moja ya plastiki pamoja na karatasi nyingine, juu ya kizuia jua au kwenye mfuko wa mlango.

Baki ndani ya gari mpaka uambiwe ushuke. Akikuomba kushuka, shuka upande ambao magari hayapiti kama inawezekana, abiria wabaki ndani na mikanda yao. "Habari za kazi, afande" inatosha kwa salamu. Kisha uliza kwa upole: "Afande, nimekosea wapi?" Namba yake ya askari iko kwenye sare, isome uikumbuke. Kama huioni, muombe jina na kituo anachotoka. Ni haki yako kuuliza, na ukiuliza kwa heshima hakuna ugomvi.

Karatasi ni leseni yenyewe, ikiwa haijaisha muda wake wa miaka 5 na daraja lake linalingana na gari, kadi ya gari, na bima. Bima siku hizi iko kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Askari anaweza kuihakiki kwa namba ya gari, nawe hakikisha mwenyewe kabla ya safari kwamba inaonekana humo na tarehe hazijapishana. Bima isiyoonekana kwenye mfumo itakusumbua hata kama una risiti ya wakala. Ile ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa Julai 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo usihangaike kuitafuta.

Kwenye gari: pembetatu mbili za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake uko kwenye kijani, spea yenye upepo, jeki na spana ya tairi. Zungukia taa zote jioni kabla ya safari, mtu mmoja akikanyaga breki na mwingine akiwa nyuma. Taa inayosahaulika kuliko zote ni ile inayomulika namba ya gari. Ni balbu ndogo ya wati 5, bei yake ni ya soda, na ndiyo inayokusimamisha usiku. Halafu angalia mkanda wa abiria wa mbele kama unashika. Kwenye magari haya yaliyokaa, kifungio hulegea na mkanda kuchomoka ukiguswa.

KasiYaWastani

Nyongeza: leseni usiitoe mkononi, mwonyeshe tu kupitia kioo. Ukimpa, imeenda.

TochiNaKibao

@KasiYaWastani ushauri huo unazunguka sana mitandaoni na umewaponza wengi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva atoe leseni ikaguliwe askari mwenye sare anapoitaka. Akitaka kukuandikia, anahitaji kuingiza namba yake kwenye mashine. Ukimwonyesha kupitia kioo umegeuza ukaguzi wa dakika mbili kuwa mabishano. Cha maana ni kuhakikisha inarudi mikononi mwako kabla hujawasha gari. Piga picha leseni pande zote mbili na kadi ya gari kurasa zote, ziwe kwenye simu yako na ya mkeo.

Sasa tochi, maana njia hiyo ni ya vijiji vilivyofuatana.

Kikomo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Magari yanayozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuvuka 80 popote. Noah haifiki huko hata ikijaa abiria na mizigo, ila Coaster inapita. Eneo la 50 linaanza kwenye kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na linaisha kwenye kibao kinachofuta, kile chenye mistari ya mshazari. Madereva wengi hukamatwa mwisho wa kijiji, siyo mwanzo. Wanaona nyumba zimeisha, wanakanyaga mafuta, na kibao cha kufuta kiko mita mia kadhaa mbele. Nyumba hazihesabiwi, kibao ndicho kinachohesabiwa.

Upande wa kuingia, kosa ni kuanza kupunguza ukiwa umeshafika kwenye kibao. Ukiwa 100 na unapunguza kwa utulivu bila kuwarusha abiria, unahitaji kama mita 150 kufika 50. Kwa hiyo ukikiona kibao mbali, toa mguu kwenye mafuta hapohapo. Kwenye mteremko unaoingia kijijini shusha gia, maana gari ya otomatiki ikiachiwa kwenye D huongeza mwendo yenyewe.

Kuhusu picha, ndiyo, omba kuiona: "Afande, naomba nione picha." Tochi nyingi za mkononi ni za leza na zina kamera ndani yake. Kwenye picha tazama vitu hivi. Kwanza alama ya msalaba imekaa juu ya gari gani. Inatakiwa iwe kwenye uso wa gari yako, karibu na namba au taa. Kama magari mawili yameambatana na msalaba uko katikati yao, hapo una hoja, kwa sababu mwanga wa leza hutanuka kadiri unavyokwenda mbali: mita 300 kutoka kwenye tochi, doa lake linakaribia upana wa mita moja. Pili, namba ya gari isomeke. Tatu, kasi iliyosomwa, kikomo kilichowekwa kwenye mashine, umbali, tarehe na saa. Saa ikiwa ni ya wakati ambao hukuwa eneo hilo, sema hapohapo na utaje ulikokuwa.

Mara nyingi aliyekupiga tochi yuko kilomita moja nyuma, na aliyekusimamisha ana picha aliyotumiwa kwenye simu. Hilo siyo kosa. Vipengele ni vilevile, vitazame kwenye simu.

Hoja moja isiyosaidia ni kusema "tochi ilinipiga kwa pembeni ndiyo maana imezidisha." Ni kinyume chake. Leza inayopiga gari kwa pembe husoma mwendo mdogo kuliko mwendo halisi, kwa hiyo pembe inamsaidia dereva.

Na kabla hujailaumu tochi, angalia tairi zako. Spidomita hupigiwa hesabu kwa saizi ya tairi iliyotoka nayo kiwandani. Tairi ya 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 635 hivi. Ukifunga 205/70R15 ili gari inyanyuke, kipenyo kinafika 668, yaani zaidi kwa asilimia 5. Spidomita ikisoma 80, gari inaweza kuwa kwenye 84. Linganisha na mwendo unaoonyeshwa na ramani ya simu kwenye barabara iliyonyooka, ujue tofauti ya gari yako kabla ya safari.

Kuwashiwa taa na wanaotoka mbele usikutegemee. Wanakuonya kuhusu tochi moja, hawajui ya pili.

MezaYaDhamana

Nimwongezee mtoa mada upande wa kuandikiwa na yanayofuata. Mimi huwa nawaambia madereva watenganishe mambo matatu, kwa sababu kila moja lina utaratibu wake: kukaguliwa, kuandikiwa, kukamatwa. Ugomvi mwingi barabarani unatokea dereva anapodhani yuko kwenye la tatu wakati bado yuko kwenye la kwanza.

Kukaguliwa ni karatasi na hali ya gari. Unatoa, anatazama, mnaagana.

Kuandikiwa ni faini ya papo kwa papo, shilingi 30,000 kwa kosa. Iko kwa ajili ya mtu anayekubali kosa. Askari anaingiza namba ya leseni, namba ya gari na kosa kwenye mashine, na inatoka karatasi yenye namba ya malipo, ile tunayoita kontrol namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Isome karatasi yote ukiwa bado umesimama naye: namba ya gari ni yako? Kosa lililoandikwa ndilo mliloongelea? Eneo na saa ni sahihi? Herufi moja ikikosewa kwenye namba ya gari, deni linaweza kumwangukia mtu mwingine na lako likaonekana halijalipwa. Kurekebisha pale pale ni dakika moja, baadaye ni safari ya ofisini.

Pesa haipiti mkononi mwa askari hata shilingi. Unalipa kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali, au benki, au kwa wakala, kwa kuingiza hiyo namba. Una siku 7. Zikipita, inaongezeka robo: 30,000 inakuwa 37,500. Ukitaka kujua kama gari ina deni, ingia tms.tpf.go.tz uweke namba ya gari au ya leseni. Fanya hivyo leo, usingoje siku ya safari. Gari ikiwa ilinunuliwa kwa mtu, inaweza kuwa na madeni ya mwenye awali, na yatatokea kwenye mashine ya askari wa kwanza atakayeitazama namba yako.

Ukiona hujakosea, sema wazi: "Afande, kosa hili silikubali, naomba lifikishwe mahakamani." Ni haki yako na siyo utovu wa adabu. Ila pima. Kesi itasikilizwa huko kosa lilikodaiwa kutendeka. Kama unaishi Dar na kosa ni la Korogwe, nauli peke yake inaipita faini. Ambaye ana picha yenye dosari dhahiri, au anayesingiziwa kosa kubwa, huyo aende. Usilipe kwanza ukidhani utapinga baadaye, kwa sababu kulipa ni kukubali.

Yako makosa yasiyoishia kwenye karatasi ya 30,000. Ulevi ni mojawapo. Kikomo ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu. Nyingine ni uendeshaji wa hatari na ajali yenye majeruhi. Hizo ni za kituoni na mahakamani, na anayekuambia mnaweza kuzimaliza hapo chini ya mti anakuongezea kosa la pili. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wana hatia. Ukiombwa, kumbuka namba ya askari, mahali na saa, kisha piga TAKUKURU 113, haitozi.

Kupekuliwa: polisi wana mamlaka ya kupekua gari wanapokuwa na sababu ya kushuku. Usizuie kwa mwili wala usifunge milango. Uliza anatafuta nini. Omba ufungue wewe mwenyewe buti, droo na mabegi, moja baada ya jingine, wewe na mkeo mkiangalia, siyo askari wawili pande mbili kwa mpigo. Pesa na simu zitoe kwanza muwe nazo mkononi. Kikichukuliwa kitu chochote, iandikwe hati ya ukamataji mali inayokitaja kwa idadi na maelezo, itiwe saini na anayechukua, wewe, na shahidi aliyekuwepo. Usitie saini mahali palipoachwa wazi. Chora mstari kwanza.

Kukamatwa: hapo uulize neno kwa neno, "Afande, niko chini ya ulinzi?" Akisema ndiyo, ana wajibu wa kukuambia kwa kosa gani. Una haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama hujapewa dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi. Kwa makosa ya barabarani kinachotakiwa mara nyingi ni mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtaa. Gari ikibaki kituoni, piga picha pande zote nne, dashibodi ionyeshe kilomita, tairi, spea, redio na mafuta yaliyobaki, na orodha ya vilivyomo iandikwe na askari wa zamu. Ondoka na namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo.

MsafiriWaSegera

Asanteni sana wakuu, nimeshaingia kwenye mfumo na kweli kuna deni moja la mwaka jana, nalilipa leo. Bado upande wa Kenya. Na je, usiku nikisimamishwa na watu ambao sina hakika kama ni askari?

Mvita_Usukani

Ndugu, karibu Mombasa wewe na jamaa zako. Nitajibu ya Kenya, na hiyo ya usiku nitaigusa mwishoni.

Horohoro na Lungalunga ni kituo kimoja cha mpaka, mnahudumiwa mahali pamoja. Utahitaji pasi au hati nyingine ya kusafiria, leseni yako, kadi halisi ya gari, na karatasi ya forodha ya kuingiza gari kwa muda. Soma tarehe ya mwisho iliyo kwenye hiyo karatasi, maana ikipita gari inakuwa na kesi ya forodha, na hiyo ni nzito kuliko ya trafiki. Bima yenu ya Tanzania haivuki mpaka. Chukua kadi ya njano ya COMESA kwa kampuni yako ya bima kabla hujatoka Dar. Tanzania imo katika mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Na angalia kwamba Kenya imetajwa kwenye kadi yenyewe, haikukatwa. Gari kuwa na jina la mkeo si tatizo akiwepo. Lakini atoe barua fupi ya idhini yenye nakala ya kitambulisho chake, kwa siku utakayotoka peke yako kwenda Nyali au Diani naye kabaki nyumbani.

Kwetu pia tunaendesha kushoto, na miji na masoko ya njiani ni 50. Kutoka Lungalunga hadi Likoni matuta ni mengi, mengine rangi imefutika. Vizuizi vya polisi huwekwa vyuma vyenye misumari barabarani, vikiwa vimepishana. Punguza mapema, zima taa kubwa, ingia kwenye upenyo pole pole na usimame hata kama hujaonyeshwa mkono, mpaka askari akupungie upite. Usimfuate tu aliye mbele yako. Kuruhusiwa kwake hakukuhusu, na chuma kinaweza kuvutwa nyuma yake.

Tofauti kubwa na Tanzania ni kwamba kwetu faini hazilingani. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimetaja kila kosa na bei yake. Hizi ndizo zinazoweza kukugusa, kwa shilingi za Kenya. Mwendo: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Ukipita hapo hakuna faini ya papo hapo, ni mahakamani. Kuongea na simu unapoendesha ni 2,000. Mkanda ni 500. Kutoonyesha leseni unapotakiwa ni 1,000. Kukosa pembetatu ni 3,000. Kupanda njia ya waendao kwa miguu ni 5,000, na kukataa kusimama unaposimamishwa na askari mwenye sare ni 5,000 vilevile. Kutofuata alama ya barabarani ni 3,000. Zikariri hizi mbili tatu, kwa sababu ukitajiwa "elfu kumi" kwa mkanda utajua kuwa si sheria inayosema.

Ukikubali kosa unajaziwa fomu ya taarifa inayotaja kosa, kiasi na tarehe ya mahakama. Ukilipa, hulazimiki kufika. Ukipinga, unafika siku hiyo. Kwa mgeni mara nyingine askari huona hutarudi, akutake kituoni uweke dhamana ya pesa taslimu. Hiyo si faini. Ni amana ya kukufanya ufike mahakamani. Hulipwa kituoni, si kando ya barabara, na lazima upewe risiti. Soma risiti: jina lako, kiasi hichohicho ulichotoa, mahakama gani na tarehe gani. Ukionekana huna hatia unarudishiwa. Usipofika, inachukuliwa na hati ya kukukamata inaweza kutolewa, na itakungoja siku nyingine ukivuka mpaka.

Katiba yetu, ibara ya 49, inakupa haki zilezile hata kama si raia: kuambiwa mara moja kwa lugha unayoielewa kwa nini unakamatwa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Na inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hawekwi rumande kwa ajili yake. Ukiombwa kitu kidogo, namba ya tume ya maadili na kupambana na rushwa ni 1551. Ukipigwa au kudhulumiwa na polisi, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ni 1559. Zote hazitozi.

Namba zenu za njano mbele na nyuma zinaonekana toka mbali, za kwetu mbele ni nyeupe. Kwa hiyo mtasimamishwa zaidi ya wenyeji. Msikasirike. Weka zile karatasi za mpaka juu kabisa kwenye bahasha, zitangulie leseni, ukaguzi utakwisha upesi.

Usiku sasa. Askari wa kweli wa trafiki ana sare, kizibao cha kuakisi, na kwa kawaida hawi peke yake gizani. Ukitilia shaka usimpite kwa kasi. Washa hazadi, shusha mwendo hadi 20 au 30, nyanyua mkono aone umemwona, nenda hadi penye taa na watu: kituo cha mafuta, kituo cha polisi, mizani. Milango iwe imefungwa. Abiria apige 112, ni ileile pande zote mbili za mpaka, aseme namba ya gari, mko wapi na mnasimama wapi. Simu hiyo ndiyo itakayokutetea ukiambiwa ulikataa kusimama. Lililo bora ni kuondoka Dar alfajiri mvuke mpaka mchana.

MsafiriWaSegera

Nimeelewa, ahsante kaka. La mwisho kwa @MezaYaDhamana: nikishalipa deni hili leo na safarini mashine ya askari bado ikaonyesha nadaiwa?

MezaYaDhamana

Inatokea, hasa siku hiyohiyo ya malipo. Lipa, subiri ujumbe wa muamala, kisha ingia tena kwenye mfumo baada ya saa chache utazame kama deni limeondoka. Linganisha tarakimu zote 12 za namba uliyolipia na ile ya deni. Anayedaiwa makosa mawili mara nyingine hulipa moja mara mbili. Ikipita siku moja bado lipo, nenda ofisi ya trafiki iliyo karibu nawe na namba ya malipo pamoja na ujumbe wa muamala, walifuatilie huko kabla hujasafiri.

Barabarani askari akikuambia unadaiwa, mpe hiyo namba na umwonyeshe ujumbe. Anaweza kuhakiki. Usilipe mara ya pili ili tu upite. Ujumbe usiufute, na ile karatasi ya mashine ipige picha siku hiyohiyo uliyopewa. Ni karatasi inayochapwa kwa joto, ukiiacha kwenye dashibodi ikapigwa na jua, kabla hujafika Tanga haisomeki tena.